Kabla Msimu Haujafunguliwa

Kitangari, Septemba, umeme umekatika tena.
Kompyuta imebaki na asilimia thelathini na mbili.
Mzani wa ghala uko mezani, utumbo nje,
na kile kidude cha kuuwekea akili
hakizidi ukucha wa kidole gumba.
Katibu Namkulya kasema korosho zinaanza kuingia Jumatatu.
"Usituletee mbwembwe. Tupe mzani usiosahau."

Basi nikaandika juu kabisa, nje ya kazi zote,
mahali ambapo jina halina mlango,
kila atakayeamka atalikuta limeshakaa:
ghala.
Nikafungua bano.
Ndani ya ghala, bei, na safu ya wakulima; bano.
Ndani ya mkulima, namba ya uanachama,
na safu ya magunia manne; bano tena.
Kama mama anavyopanga sufuria usiku,
ndogo ndani ya kubwa, kubwa ndani ya kubwa kuliko zote,
ili watu wapate pa kulala.

Kwenye bei nilitaka kuweka jibu la mnada.
Kompaila ikagoma:
thamani ya kuanzia lazima iwe thabiti.
Nikacheka peke yangu gizani.
Nani Newala nzima hajui hilo?
Bei ya korosho haiandikwi kabla ya mnada.
Nikaweka sifuri. Kazi kuu itakuja kuijaza,
wakipenda wanunuzi.

Saa nane usiku uvivu ukanishika.
Mabano ya ndani yalikuwa mengi kama chawa,
nikayafuta,
nikaacha namba zitembee zenyewe, mkato na mkato.
Kompaila ilinung'unika kidogo, ikapitisha.

Jumamosi tukajaribu kwa daftari la msimu uliopita.
Asumini Chitanda, namba sitini na moja,
alikuwa ameleta magunia mawili: themanini, sabini na tisa.
Karatasi ikatoka na manne.
La tatu, kilo sitini na nne,
ilikuwa namba ya uanachama ya Mzee Likanda.
La nne lilikuwa gunia lake kweli, la kwanza,
na gunia lake la pili, kilo sabini na nane,
likawa ndiyo namba yake,
namba ya marehemu Nandonde tuliyemzika Machi.

Asumini akaisogeza karatasi mbali, kisha karibu.
"Mwanangu, hili si langu.
Hata wa kangomba na visado vyao
hawajawahi kunikosea kwa kunizidishia."

Nikayarudisha mabano, moja moja.
Themanini, sabini na tisa, funga.
Nafasi mbili zilizobaki sikuzitaja.
Lugha hii ina adabu yake:
safu usiyoianzisha ndani ya kazi ndogo
huamka na uchafu wa aliyelala pale jana,
lakini huku juu, uwanjani,
pasipotajwa hufagiliwa, huwekwa sifuri,
kabla kazi kuu haijafumbua jicho.

Ikabaki namba hamsini na tisa.
Mwaka huu ubwiriunga ulikula maua yake yote,
salfa ilifika maua yameshakuwa majivu.
Nilitaka kumruka. Safu ingekuwa fupi,
na mimi nisingelazimika kuandika.
Nikampigia.
"Niandike," mama akasema. Nyuma yake niliwasikia kuku.
"Kutoleta si kutokuwepo."

Nikamweka wa kwanza,
na wa kwanza hapa huitwa wa sifuri,
hilo sikumwambia.
Hamsini na tisa, mkato, fungua, sifuri, funga.

Jumatatu nikauwasha mzani mbele ya kamati.
Namkulya akavaa miwani, akasoma mstari wa juu.
"Huyu mbona hana kitu?"
"Ana nafasi nne," nikasema.
Akanitazama.
Nje, trekta la kwanza lilikuwa linarudi kinyumenyume
kuelekea mlango wa ghala,
na mtu alikuwa anapiga kelele: njoo, njoo, njoo, basi.